Tusimkimbie Mwenye Kifafa

 Mwezi huu tumeona vyema tuzungumze na ndugu zetu, wazee kwa vijana, juu ya jambo ambalo hutajwa kwa kunong'ona katika nyumba nyingi. Nalo ni ugonjwa wa kifafa.

Maradhi haya si machache kama tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba wenye kifafa ulimwenguni wafikia kama milioni 50, na kwamba karibu wanane katika kila kumi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama hizi zetu. Shirika hilo hilo lasema kwamba hadi saba katika kila kumi wangeweza kuishi bila ya kuanguka kabisa, lau wangepimwa sawasawa na kupewa dawa iwafaayo. Lakini katika nchi maskini robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu wanayoyahitaji.

Ni kitu gani kiwazuiacho? Umaskini ni sababu, na umbali wa hospitali ni sababu. Lakini iko sababu nyingine ambayo haingojei fedha za Serikali wala madaktari kutoka mbali, kwa kuwa imo mikononi mwetu wenyewe. Sababu hiyo ni hofu. Twamwogopa mwenye kifafa; na kwa kumwogopa twamkimbia, twamficha, na twamnyima dawa, shule, na hata mkono wa kumwinua pale alipoanguka. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba hofu hii haina msingi katika elimu ya tiba wala katika dini yetu, na kwamba madhara yake ni makubwa kuliko tunavyokubali.

HOFU NA MAKOVU YAKE

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki imebaki imani ya tangu zamani kwamba mgonjwa anapoanguka, mate yake, au povu lake, au pumzi yake, huambukiza. Kwa hiyo mtu akianguka njiani, watu hurudi nyuma. Akianguka jikoni juu ya mafiga, wako wanaosimama na kutazama, au wanaokimbilia kuita wazee, hali moto waendelea kumla. Waganga wa hospitali za mashamba huwajua wagonjwa hawa kwa makovu: mkono uliokunjamana, uso ulioungua upande mmoja, mguu uliopoteza vidole. Wengine hufa maji, katika kisima au mtoni, mahali ambapo maji hayapiti magoti ya mtu mzima.

Na tufikiri kidogo juu ya makovu hayo. Kifafa ndicho kilichomwangusha mgonjwa. Lakini kilichomwacha motoni hata akaungua mpaka mfupani ni kwamba waliokuwa karibu waliogopa kumshika.

Baada ya hapo huja mambo ya ndani ya nyumba. Mgonjwa hutengewa sahani yake na kikombe chake. Hulazwa chumba cha uani. Wageni wakija huambiwa asitoke. Msichana haozwi, na aliyeolewa hupewa talaka siku ya kwanza aliyoanguka mbele ya wakweze. Mtoto hutolewa shuleni, na chuoni pia, kwa kuwa wazazi wa watoto wengine wamelalamika.

Yote haya husimama juu ya neno moja lisilo la kweli. Kifafa hakiambukizi. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa mkojo, wala kwa pumzi, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Ni ugonjwa wa ubongo, na ubongo wa mtu hauwezi kumrukia mwenzake. Wauguzi huwashika wagonjwa hawa kila siku, na hakuna hata mmoja aliyepata kifafa kwa ajili ya kuwashika.

BIBI MMOJA WA PEPONI

Hatusemi kwamba ni sisi peke yetu tuliowakosea watu hawa. Huko Uingereza ilikuwapo sheria iliyoruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa, nayo haikubadilishwa mpaka mwaka 1971. Huko Marekani, mpaka miaka ya 1970, iliruhusiwa kuwazuia wasiingie katika mikahawa na majumba ya michezo. Lakini sisi Waislamu tuna hoja kubwa zaidi juu yetu, kwa sababu jambo hili lilikwisha kupambanuliwa katika zama za Mtume wetu (S.A.W.).

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ata bin Abi Rabah kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwuliza kama anataka aonyeshwe mwanamke katika watu wa Peponi. Ata akakubali. Ibn Abbas akamwonyesha bibi mmoja mweusi, akamweleza habari zake: kwamba bibi huyo alimwendea Mtume (S.A.W.), akamshitakia kuwa huangushwa na maradhi na kwamba mwili wake hufunuka anapoanguka, akamtaka amwombee kwa Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) akampa hiari ya mambo mawili: astahimili, na malipo yake yawe Pepo, au amwombee apone. Bibi akachagua kustahimili, lakini akaomba jambo moja, kwamba asifunuke. Mtume (S.A.W.) akamwombea hilo.

Hadithi hii twaisoma katika vyuo, na wengi twaijua. Lakini tuitazame vizuri, kwani mafunzo yake kwa nyumba zetu ni mengi.

La kwanza, bibi huyu hakufichwa. Alitembea kwa miguu yake mpaka kwa Mtume (S.A.W.), akaeleza ugonjwa wake kwa ulimi wake, na hakuna aliyemfukuza. La pili, Mtume (S.A.W.) hakumkemea, wala hakumwuliza amekosa nini hata akapatwa na haya. Alisema naye kama mtu mwenye akili timamu, akamwachia achague mwenyewe. Sisi je, ni mara ngapi tumemwuliza mwenye kifafa anataka nini? Husemewa na kila mtu, yeye hasemi.

La tatu, kilichomwumiza bibi huyu zaidi ya ugonjwa ni aibu ya kufunuka mbele za watu. Na aliyemhurumia katika aibu hiyo ni mbora wa viumbe. Basi Mwislamu aonaye mwenziwe ameanguka, na kanga yake imeondoka mahali pake, ajue kwamba kumsitiri ni jambo alilolishughulikia Mtume wake (S.A.W.).

La nne ni kule kuonyeshwa kwake. Sisi pia huwaonyeshana wenye kifafa. Twanyosha kidole na kusema, yule huanguka, jihadharini naye. Ibn Abbas naye alimwonyesha bibi huyu, na miaka mingi ilikuwa imepita, lakini alimwonyesha mwanafunzi wake kwa heshima, kama mtu aonyeshavyo kitu chenye thamani.

Huenda msomaji akasema: ikiwa bibi huyu aliambiwa kustahimili ni bora, mbona tusumbuke na dawa? Jawabu ni kwamba Mtume (S.A.W.) hakumlazimisha, alimpa hiari naye akachagua juu ya nafsi yake. Mtoto wa miaka sita hawezi kuchagua, na baba hana ruhusa ya kumchagulia mateso ambayo dawa ingeyaondoa. Tena ni Mtume huyu huyu (S.A.W.) aliyewaamrisha mabedui waliomwuliza kwamba wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Na juu ya sahani na vikombe, tuirejee Sura ya An-Nur, aya ya 61, ambamo Mwenyezi Mungu aondoa lawama juu ya kipofu, na kiguru, na mgonjwa. Baadhi ya wafasiri wametaja kwamba watu wa Madina walikuwa wakiona uzito kula pamoja na watu wa namna hii, na aya ikashuka kuuondoa uzito huo. Mwenye kumtenga mgonjwa na sinia ya nyumba yake na aifikirie aya hiyo.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo za umeme zinazopita katika chembe zake. Mwaka 1929 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alitangaza kwamba ameweza kuziandika nguvu hizo kwa chombo kilichowekwa juu ya kichwa. Katika kifafa, umeme huo huripuka ghafula bila ya mpango, kama nyaya zilizogusana, na mwili hutii machafuko hayo. Mtu aweza kuanguka, akakakamaa, akatetemeka, akatokwa na povu na mkojo, kisha akalala usingizi mzito.

Lakini si kifafa chote ni cha kuanguka. Kiko kinachoshika mkono mmoja tu. Na kiko cha watoto ambacho hakina kelele yoyote: mtoto hunyamaza katikati ya neno, akatoa macho kwa nukta chache, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Hali hiyo yaweza kumjia mara nyingi kwa siku moja. Wenzetu waalimu wa madrasa, tafadhali lisomeni hili mara mbili. Mtoto anayekatika katikati ya aya, na akiitwa haitikii, pengine si mtukutu wala si mzembe. Bakora haitamponya. Aitwe mzazi wake, apelekwe kwa daktari.

Sababu za kifafa ni nyingi. Mtoto aliyekawia kutoka tumboni akakosa hewa. Malaria iliyopanda ubongoni. Homa ya uti wa mgongo. Pigo la kichwa, na siku hizi ajali za pikipiki zimelizidisha hili. Kiharusi kwa wazee. Pengine hurithiwa, na mara nyingi sababu haionekani kabisa.

Iko sababu moja ambayo Waislamu wengi hudhani haiwahusu, nayo ni minyoo ya tegu ya nguruwe. Ni kweli kwamba mtu huipata tegu yenyewe tumboni kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Lakini mayai yake hutoka katika choo cha mtu huyo, na yakiingia katika maji au mboga zisizooshwa, humezwa na mtu yeyote, hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote, kisha hufanya vifuko ubongoni. Kwa hiyo matumizi ya choo, kuosha mikono na kuosha mboga ni kinga ya kifafa kwa kila nyumba.

Hali kadhalika, huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako ugonjwa wa usubi ulikuwa umeenea kwa wingi kutokana na inzi wa mito iendayo kasi, kifafa nacho kimeonekana kwa wingi kuliko kwingine, na wataalamu wamekuta uhusiano baina ya mawili hayo. Basi wanaokaa sehemu za usubi, na wazimeze dawa zinazogawiwa kila zinapokuja.

Wazazi pia wapambanue kifafa na degedege, ambayo watu wa Mombasa huiita nyuni. Degedege humjia mtoto mdogo, kwa kawaida baina ya miezi sita na miaka mitano, pamoja na homa kali. Na watoto wengi walioipata hukua bila ya kifafa. Lakini homa yenye degedege si ya kungojea wala ya kufukiza. Ni ya kukimbilia hospitali siku ile ile, kwani huenda ni malaria au uti wa mgongo, na kuchelewa ndiko kunakoacha kifafa nyuma yake.

JE, SI MAJINI?

Swali hili huulizwa kila mahali, na haifai kulikwepa. Sisi Waislamu twaamini kuwapo kwa majini, na Qurani yawataja. Lakini kuamini kwamba majini wapo si hoja ya kwamba kila anayeanguka ameshikwa na jini.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, amelieleza jambo hili katika kitabu chake Zad al-Maad. Aligawanya kuanguka huku sehemu mbili: kuko kunakotokana na pepo waovu, na kuko kunakotokana na maradhi ya mwili, ambako ndiko matabibu wanakokuzungumzia sababu zake na tiba yake. Kisha akataja habari za yule bibi wa Peponi, akasema yamkini kuanguka kwake kulikuwa kwa namna hii ya pili. Ikiwa mwanachuoni mkubwa kama huyu, aliyethibitisha kuwapo kwa pepo, hakuona taabu kusema kwamba mwanamke aliyeombewa na Mtume (S.A.W.) huenda alikuwa na maradhi ya mwili, sisi twapata wapi ujasiri wa kusema kwamba mtoto wa jirani hakika ana jini?

Na matabibu wa Kiislamu walilishughulikia jambo hili mapema. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 kwa hesabu ya Miladia, ameandika juu ya kifafa katika kitabu chake Al-Qanun, akakiweka pamoja na magonjwa ya kichwa.

Mzazi anayetaka kumsomea mwanawe Qurani na kumwombea dua, na asome. Hilo ni jema na lina baraka, na halipingani na kidonge hata kidogo. Lakini ajihadhari na watu wa namna tatu. Wa kwanza ni yule amwambiaye aache dawa za hospitali ili kombe lifanye kazi. Wa pili ni yule ampigaye mgonjwa, au amchomaye, au amfukizaye mpaka akakosa pumzi, akisema anampiga jini. Wa tatu ni yule ambaye kila siku jini lake hudai mbuzi mwingine na fedha nyingine. Hao si watu wa dini hata wakivaa kilemba.

DAWA IPO, NA ISIKATWE

Mwaka 1912 daktari mmoja wa Kijerumani, Alfred Hauptmann, aligundua kwamba dawa iitwayo fenobabitoni, iliyokuwa ikitumiwa kuleta usingizi, huzuia kifafa. Zaidi ya miaka mia imepita, nayo ingali ikitumika, na ni katika dawa za bei nafuu kabisa. Ziko na nyingine zilizokuja baadaye, na daktari ndiye ajuaye ipi yamfaa nani.

Mnamo mwaka 1960 daktari mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko huko Mahenge tulikokutaja. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wenye makovu ya moto, na waliokata tamaa. Akawapa fenobabitoni. Walipoacha kuanguka, au walipoanguka kwa nadra, habari zikaenea, na watu wakawa wanafika kwa miguu kutoka vijiji vya mbali. Dawa ile haikuwa ngeni duniani wakati huo. Ilikuwa na umri wa karibu miaka hamsini. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuipeleka kwa wale ambao kila mtu alikuwa akiwakimbia.

Lakini dawa hizi zina sharti. Humezwa kila siku, kwa miaka, hata kama mgonjwa hajaanguka muda mrefu. Kwani kutoanguka huko ndiyo kazi ya dawa. Wengi huziacha baada ya miezi mitatu wakidhani wamepona. Kukatiza ghafula ni hatari kubwa, kwani kifafa chaweza kurudi kwa mfululizo usiokatika, na hali hiyo huua. Madaktari hufikiria kuziondoa baada ya miaka miwili au zaidi bila ya kuanguka, nao huzipunguza kidogo kidogo. Basi nyumba yenye mgonjwa isingoje kidonge cha mwisho ndipo ianze kutafuta nauli ya kwenda kliniki.

Mwanamke mwenye kifafa aweza kuolewa na kuzaa, na wengi huzaa watoto wazima. Lakini ziko dawa zinazomdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo amwone daktari kabla ya kushika mimba, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Na katika posa, jambo lielezwe wazi kwa pande zote mbili. Ndoa iliyojengwa juu ya siri huvunjika siku siri ifichukapo.

AKIANGUKA MBELE YETU TUFANYEJE?

Haya ni mambo ambayo kila kijana aweza kujifunza kwa dakika chache, na kwayo akaokoa roho.

1. Tumwondoe penye moto, maji, barabara au kisima. Kama mahali ni salama, tusimsogeze.

2. Tuweke kitu laini chini ya kichwa chake, kama kanga iliyokunjwa au mswala. Tulegeze vifungo vya shingoni na tuondoe pini za mtandio.

3. Tusimkandamize wala tusimfunge. Mishtuko huisha yenyewe, na kumbana kwaweza kumvunja mfupa.

4. Tusimtie kitu chochote kinywani: si kijiko, si kijiti, si kidole, si maji, si dawa. Hawezi kuumeza ulimi wake. Kijiko humvunja meno na maji humpalia.

5. Mishtuko ikipungua, tumlaze kwa ubavu ili mate yatoke.

6. Tumsitiri kwa kanga, na watazamaji waondoke. Ama yule atoaye simu akampiga picha na kuisambaza, huyo amemfanyia mwenziwe kitendo kile ambacho bibi wa Peponi aliomba akingwe nacho.

7. Tutazame saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, au ni mja mzito, au ameumia, au ameangukia majini, apelekwe hospitali mara moja.

8. Tukae naye mpaka azindukane sawasawa, kisha tumweleze kwa upole lililotokea, kwani yeye hakumbuki.

Na akianguka msikitini, katika safu, aliye karibu naye na avunje Sala yake amsaidie. Kumwokoa mtu katika hatari ni sababu inayokubaliwa na wanavyuoni ya kuikata Sala, na Sala itarejewa.

CHUONI, KAZINI NA KATIKA IBADA

Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili ya mtu kipofu, Ibn Umm Maktum (R.A.), aliyekuja kutaka kufundishwa wakati ambapo Mtume (S.A.W.) alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Mwenyezi Mungu akafunza kwamba ajaye kwa hamu ya kujitakasa ndiye astahiliye kuelekewa. Kipofu huyo baadaye akawa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.), na mara kadhaa aliachiwa Madina aiangalie Mtume (S.A.W.) aliposafiri. Basi mwalimu afungaye mlango mbele ya mtoto mwenye kifafa na aisome tena sura hiyo.

Katika kazi yetu ya kusomesha tumepata kuwa na msichana wa namna hii. Alipoanguka mara ya kwanza chuoni, watoto walikimbia hata wakaacha viatu vyao, na siku ya pili wako wazazi waliokuja kusema kwamba ama yeye aondoke, ama watoto wao. Tulichofanya ni kuwafundisha watoto yale mambo manane tuliyoyaandika hapo juu, na kumweka karibu naye mwanafunzi mkubwa mwenye kanga ya kumfunika. Alipoanguka mara ya pili hakukimbia mtu. Watoto ndio waliokwenda kuwafundisha wazazi wao majumbani, na hakuna aliyeondoka.

Mwenye kifafa hasamehewi ibada moja kwa moja. Akili yake ni timamu, na Sala yamlazimu kama wengine. Kupotewa na fahamu huvunja udhu. Akizindukana na kupumzika, atawadhe na aswali. Ama Ramadhani, mgonjwa amepewa ruhusa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185. Amwone daktari kabla ya mwezi kuandama: wako ambao dawa yao yaweza kuhamishiwa wakati wa futari na daku wakafunga kwa salama, na wako ambao kufunga kutawadhuru. Kitu kisichofaa ni mtu kuruka dawa kwa siri ili aonekane amefunga. Tena ajue kwamba kukosa usingizi huchochea kifafa. Basi katika usiku za kumi la mwisho ajipatie sehemu ya kulala, na Mwenyezi Mungu anaijua nia yake.

Katika kazi, asikwee minazi, asiendeshe gari maadamu angali anaanguka, asiende baharini peke yake. Nyumbani jiko liinuliwe kutoka chini au mwenziwe awepo anapopika, na aoge kwa ndoo na kata. Lakini ushoni, ukulima, uchuuzi, ualimu, ukarani, yote hayo aweza kuyafanya. Kumkataza kila kitu kwa jina la huruma ni kifungo cha namna nyingine.

Mwaka 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mpango wa kupambana na kifafa na magonjwa mengine ya ubongo na mishipa ya fahamu, utakaoendelea hadi mwaka 2031. Mpango huo ni mwema, na twaombea utimizwe. Lakini hakuna mpango uwezao kuingia jikoni kwetu kumtoa mtu motoni. Hiyo ni kazi ya aliye karibu.

Basi enyi wazazi, mtoeni mgonjwa wenu chumba cha uani, mmpeleke kliniki, mle naye sinia moja. Enyi vijana, jifunzeni yale mambo manane na mfundishane. Enyi maimamu na waalimu, litajeni jambo hili katika darasa na hotuba zenu, kwani neno lenu husikilizwa mahali ambapo neno la daktari halifiki. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awasitiri kama alivyomsitiri yule bibi, na atutoe katika nyoyo zetu hofu inayotufanya tumkimbie ndugu yetu siku anapotuhitaji. Amin.